Simu Iliyobaki Mulenge

— Weka ile simu chini, Noella. Utaitoboa na macho.

Tantine Bénédicte, shangazi yake, alisema hivyo huku akichambua mboga za lengalenga, bila hata kuinua uso. Noella hakumsikia. Jumbe za sauti alizomtumia Chadrack, zote arobaini na moja za miezi miwili, zilikuwa zinageuka bluu mbele ya macho yake. Mmoja, halafu mwingine. Huko aliko, mtu alikuwa anazisikiliza.

— Tantine! Chadrack iko ananisikia!

— Na anasema nini?

Noella akangoja. Akangoja mpaka lengalenga zikaiva.

— Hasemi kitu.

— Basi nikwambie minye. Muntu anakusikiliza mara arobaini na hajibu, huyo iko anacheka na mwingine pembeni.

Chadrack ni nani? Muulize yeyote Kavimvira. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia wafanyabiashara karatasi za forodha pale mpakani, na zaidi ya karatasi alikuwa na iPhone. Si ya kuazima siku ya picha, yake kabisa. Wateja walikuwa wakiziona kamera tatu mgongoni mwa ile simu, wanamkabidhi mzigo bila kuuliza jina la baba yake. Hata tantine Bénédicte, siku Chadrack alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, hakuuliza kabila wala kanisa. Aliuliza, "Ile ni ya ngapi?"

Noella yeye alipenda sauti. Chadrack alikuwa na sauti ya polepole, ya mtu asiyefukuzwa na kitu, na kila jioni alipiga simu kumuuliza swali lile lile: umekula? Kisha akapanda Mulenge, milimani, kutafuta ng'ombe mmoja aliyekuwa anakosekana kwenye mahari. Alisema wiki tatu. Tangu siku hiyo kila ukimpigia hapatikani, na Noella akajikuta anakula nusu sahani, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Alimkosa mpaka mwili ukauma.

Sasa Junior alikuwa anakuja kuposa. Junior muuza vipuri vya pikipiki, mwenye simu mpya kuliko ile ya Chadrack. Papa Cyprien, baba yake Noella, alimwita binti yake kando.

— Sikulazimishi, mwanangu. Lakini siku ya posho, Jumamosi, watafika na wajomba wake. Utasema ndiyo ao apana mbele yao. Siwezi kuwachezea bantu.

Jioni hiyo Noella akatuma ujumbe wa arobaini na mbili.

— Chadrack, kama umenichoka, sema tu. Hata unitukane. Nisikie sauti yako basi.

Hakujibiwa.

Jumamosi ikafika. Wajomba watatu waliketi sebuleni na mashati yaliyopigwa pasi, na Junior akaiweka simu yake mezani kifudifudi, kamera zikitazama watu. Tantine Bénédicte alishindwa kuondoa macho hapo. Maneno mazuri yakasemwa, soda zikanywewa.

— Noella, papa Cyprien akasema, umewasikia. Unasema nini?

Nisiwafiche: msichana alikuwa amekata shauri kusema ndiyo. Si kwa mapenzi, ni kwa uchovu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi pale simu yake ilipolia. Akatazama kioo. *Chadrack.*

— Allô? Chadrack? Ni weye?

— Apana, mutoto wangu! Minye ni Nsengiyumva, wa Mulenge!

Sauti ya mzee, anayepiga kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde.

— Chadrack iko wapi? Amekufa?

— Hakufa! Iyi simu ni yake, tulibadilishana. Alinipa simu, nikamupa ngombe!

Tantine Bénédicte akaruka kutoka kitini.

— Weka sauti juu, wote tusikie!

Noella akaweka.

— Ile ngombe iko na mimba, mzee akaendelea, haiwezi kutembea mbio. Akasema ataingojea izae, kule mu bonde kwenye hakuna réseau, simu haishiki. Akaacha na laini yake ndani ya simu, juu nikupigie, nikuambie usiwaze. Nikasema ndiyo, nitamuambia.

— Muzee! Ni miezi mbili!

Mzee akashusha sauti.

— Unisamehe, mutoto wangu. Iyi simu ninaivaa mu shingo. Mu kanisa yetu minye ni wa kwanza kuwa na ya namna hii. Bantu wote banasema, Nsengiyumva amekuwa mukubwa. Sasa nitauliza nani vile banapiga simu na yo? Nilisikia haya. Halafu juzi, mu soko kwenye réseau inafika, nikafinya fasi moja, nikasikia mwanamuke. Nikafikiri ni redio. Nikasikia unalia. Nikasikiliza yote. Leo nimeomba mwalimu anionyeshe, katikati ya soko. Wacha bacheke.

Noella alifunika uso. Alilia hapo hapo, mbele ya wageni, wala hakuona aibu.

Junior ndiye aliyecheka.

— Alitoa iPhone juu ya ngombe? Kweli? Papa, ule amekwisha kuanguka. Nani atamupa mizigo kwenye mpaka bila simu?

Papa Cyprien akainama juu ya simu ya binti yake.

— Muzee, ile mimba ilikuwa ya miezi ngapi?

— Nane, ndugu yangu! Imeshazaa. Jike!

— Jike, papa Cyprien akasema taratibu. Akageuka. Junior, hii simu yako unaikamua asubuhi ao mangaribi?

Mjomba mmoja akacheka, soda ikampalia. Papa Cyprien akainua mkono, pakatulia.

— Noella, bado unangojewa.

— Jibu ni apana, papa. Kaka Junior, unisamehe. Nilikuwa karibu kusema ndiyo juu nilichoka kungoja. Niko namupenda Chadrack. Ningekuja kwako na moyo wa muntu mwingine.

Junior akaichukua simu yake, akaifuta kwenye suruali.

— Ni vizuri umesema leo, akajibu, na akatoka na wajomba wake. Tumpe haki yake, hakutukana mtu.

Siku nane Noella alikwenda barabara ya Kiliba kumngoja Chadrack kila asubuhi, anasimama, anarudi. Siku ya tisa akamwona: ndevu zimeota ovyo, viatu vimefunguka mdomo, ng'ombe wa kahawia mbele yake na ndama nyuma.

— Noella. Muzee alikuambia?

— Aliniambia wiki yenye ilipita tu.

— Wiki yenye ilipita!

Chadrack akashika kichwa.

— Sasa siku zote hizi ulikuwa unafikiri nini?

— Kama umenichoka.

Chadrack akatoa mfukoni kasimu ka tochi, akamwonyesha kama mtu anayekiri kosa.

— Niko na haka tu. Bakiliya bengi, benye mizigo, batanikimbia, nabajua. Nitaanzia chini. Kama utasikia haya kutembea na minye, sema sasa, kabla sijafika kwa papa yako.

— Haya ya muntu mwingine imeniua miezi mbili, Chadrack. Sina nafasi ya kuweka yangu. Ongea.

— Niongee nini?

— Chochote. Nimekosa sauti yako mpaka nikagonjwa. Ongea tu.

Chadrack akakohoa. Akaanza na ng'ombe, maana hakuwa na habari nyingine: jinsi alivyozaa mvua ikinyesha, jinsi ndama alivyokataa kusimama, jinsi yeye mwenyewe alivyomfunika na koti lake. Sauti ile ile, ya polepole. Noella akaishika kamba ya ndama. Walipofika karibu na mpaka, wafanyabiashara wawili waliutazama mkono wa Chadrack, wakaitafuta ile simu, wakatazamana. Chadrack akawaona, akasita.

— Halafu? Noella akauliza. Koti ililowana?

Akaendelea.