Mteja wa Siti ya Nyuma

Fundi ndiye aliyeona kwanza, tena aliona kwa bahati tu, kwa kuwa alikuwa amechuchumaa akifunga tairi la pikipiki nyingine. Mzee Jaribu alikuwa amerudi na pikipiki ya majaribio, akaizima, akashusha stendi na kwenda zake kunywa maji. Pikipiki ikabaki peke yake mbele ya duka, lakini springi zake za nyuma zilikuwa zimeshuka kama vile mtu mnene bado amekaa kwenye siti.

"Mzee," fundi aliita, "leo umembeba nani?"

"Nimbebe nani? Si unaniona nimerudi mwenyewe?"

"Basi njoo utazame hizi springi."

Mzee Jaribu hakwenda kutazama. Alikuwa hoi. Siku hiyo alikuwa amezungusha wateja sita na hakuna aliyenunua hata kofia. "Springi zimechoka," alisema. "Hata mimi nimechoka, mbona hunichuchumalii?"

Fundi akacheka, na jambo likaishia hapo.

Jina la Jaribu alipewa na wenzake pale dukani, kwa sababu miaka ishirini na mbili alikuwa akimwambia kila aliyeingia mlangoni, "Jaribu kwanza, kununua baadaye." Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuubadili hata siku moja. Kwanza alimpakia mteja nyuma, akamwuliza bila kugeuka, "Umekaa vizuri? Nishike kiunoni, usione haya. Twende." Akamwendesha mpaka kwenye ukuta wa ghala lililofungwa, ambako njia ni tulivu, na hapo wakabadilishana ili mteja aendeshe kurudi. Dukani alimpa mkono ashuke, kisha akamwuliza, "Umeipenda?" Akijibiwa ndiyo, biashara imekwisha. Akijibiwa hapana, alikuwa na jingine mdomoni siku zote, maana kwake mteja kuondoka mikono mitupu ilikuwa aibu. Kama hii imekushinda, ipo nyingine. Kama hii ya zamani, ipo mpya. Ulimi wake ulikuwa ukiuza hata yeye akiwa amelala, na mkewe alikuwa shahidi wa hilo.

Sasa, siku ile ya springi, mteja wa sita alikuwa kinyozi mmoja. Walipofika kwenye ukuta wa ghala alipigiwa simu, akashuka, akaomba radhi, akaingia uchochoroni na kupotea. Mzee Jaribu akabaki juu ya pikipiki peke yake, jua la saa saba likimchoma kisogo, na huo ulikuwa mwezi wa pili bila kuuza hata moja. Akawasha. Na kwa mazoea tu, bila kufikiri lolote, akaiambia siti tupu, "Umekaa vizuri? Nishike kiunoni, usione haya. Twende."

Akashikwa.

Alidhani kinyozi amerudi. Mikono ilikuwa miwili, mizito, na baridi kuliko mikono inavyopaswa kuwa mchana kama ule. Ilimshika kwa adabu, kama ya mtu ambaye hajawahi kupanda pikipiki. Njia nzima alimsifia breki na taa. Alipofika dukani akageuka kutoa mkono, na nyuma hapakuwa na mtu. Alijiambia ni jua. Ndiyo maana alikwenda kunywa maji.

Kuanzia hapo mambo yakawa yanakuja kidogo kidogo. Vikanyagio vya abiria, ambavyo Mzee Jaribu alivikunja kila jioni, asubuhi vilikuwa vimekunjuliwa. Kofia ya abiria ilikuwa na unyevunyevu kwa ndani, kama ya mtu aliyeivaa muda huohuo. Na ile mikono haikubaki dukani. Ilimfuata nyumbani, akiinama kufunga kiatu ilikuwepo, akikaa kula ilikuwepo, ikimbana taratibu juu ya mkanda.

"Unanuka majivu yaliyomwagiwa maji," mkewe alimwambia. "Ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini kwenu kuna moto?"

"Kuna jua."

Mkewe aliweka kijiko chini, akamtazama, kisha akashusha sauti ingawa nyumbani walikuwa wawili tu. "Na mbona siku hizi unakalia ncha ya kiti? Nyuma umemwachia nani?"

Mzee Jaribu alijaribu kurudi nyuma kidogo ili amridhishe mkewe, na hakuweza, kwa sababu nafasi ile ilikuwa na mwenyewe.

Siku ya nne akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa mwili na mzaha, akapanda nyuma huku akiuliza kama springi zina bima ya maisha. Hawakufika hata kona ya kwanza.

"Simamisha," mwalimu alisema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika.

"Kuna nini, mwalimu?"

"Simamisha tu, mzee wangu, nakuomba. Nimetaka kukushika kiunoni. Nimeshika mikono."

"Mikono ya nani?"

"Mimi nitajuaje? Imenipapasa vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua nyanya. Kisha ikaniachia."

Mwalimu alishuka, akaondoka kwa miguu, na mzaha wake wote ulikuwa umekauka. Aliondoka na kofia ya duka kichwani na hakuna aliyemfuata kumdai.

Yote haya Mzee Jaribu angeyameza. Alikuwa mtu wa kumeza. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na Jumamosi ndiyo binti yake angekuja kuchukua pikipiki.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee, mkunga, kaajiriwa mwaka uleule. Alitembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba kwa kina mama waliokaribia kujifungua, na mara mbili alikuwa amefika akiwa amechelewa, na mara moja kati ya hizo alirudi nyumbani akakaa jikoni akilia bila sauti. Baba yake alimwekea pikipiki nyekundu iliyoingia wiki iliyopita, haijapandwa na mtu. Na kanuni ya duka ilijulikana: hakuna pikipiki mpya inayotoka kabla Mzee Jaribu hajaizungusha na mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi binti angepanda nyuma yake, pale pale, na ile mikono ingempapasa vidole. Vingeweza kuikinaisha, kama vya mwalimu. Vingeweza pia kuipendeza. Kwa wazo hilo alikosa usingizi siku mbili.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Mama Pasi. Mwanamke huyo alikuwa akipiga nguo za watu pasi kwa kutwa, na waliopagawa aliwahudumia katikati ya shati na suruali, kwa kuwa alisema majini hayalipi kama mashati. Alimsikiliza Mzee Jaribu hadi mwisho bila kuinua pasi yake ya mkaa. Kisha akaifungua, akatupia punje ya ubani juu ya makaa, akaufuata moshi kwa macho. Moshi ulimzunguka Mzee Jaribu kiunoni na kukaa hapo.

"Lipo," alisema, kama anayesema mvua inanyesha. "Ulilialika kwa mdomo wako. Ukalizungusha, ukalirudisha. Ukaliuliza kama limeipenda?"

"Nani angeiuliza siti tupu?"

"Aliyeiambia nishike kiunoni." Mama Pasi alichukua shati jingine. "Jini ni mgeni mwenye adabu zake. Umelianzishia jaribio, linangoja limalizwe. Linangoja swali lako, baba."

"Na likisema ndiyo?"

"Limenunua."

"Limenunua pikipiki?"

"Limeshika pikipiki, au limeshika kiuno?"

Chumba kilikuwa na joto, na bado mgongo wa Mzee Jaribu ulikuwa baridi.

"Wewe kazi yako ni kusifia," Mama Pasi aliendelea, sauti ikiwa chini sasa. "Leo kaponde. Rudi ulikolipakia, ujiponde mpaka likukinai, kisha uliulize. Litakuachia. Likishakuachia, funga mdomo. Usiliongezee neno hata moja. Umenisikia? Hata moja."

Alikwenda mchana huohuo, saa saba kama ile ya kwanza. Ukuta wa ghala ulikuwa mweupe kwa jua na hapakuwa na kiumbe njiani, hata paka. Alizima pikipiki. Mikono ilikuwepo. Harufu ya majivu mabichi ilikuja juu ya bega lake la kulia, na pamoja nayo pumzi, ndefu, isiyo na haraka, ya mtu aliyekaa vizuri.

Akaanza. Mwanzoni maneno yalimkwama, kwa sababu miaka ishirini na mbili hakuwahi kusema ubaya wa kitu kilichokuwa mikononi mwake. Kisha yakafunguka, akaliambia kwamba magoti haya yamekwisha, kwamba sikio la kushoto halisikii ila likitaka, kwamba usingizi umemhama na hamu ya chakula nayo inafunga virago, kwamba anaamka akiwa amechoka na analala akiwa amechoka na katikati anatabasamu kwa sababu ndiyo kazi, kwamba alimwahidi mkewe kupaka nyumba rangi tangu binti yao akiwa darasa la tatu na makopo bado yako chini ya kitanda, yamekauka, kwamba hajacheka kicheko cha kweli tangu hajui lini, na kadiri alivyosema ndivyo machozi yalivyomshuka, kwani alikuwa amekuja kudanganya na sasa alijisikia akisema ukweli mtupu, na mikono ile ilikuwa ikimsikiliza, ikimpapasa ubavu kwa ubavu, ikikagua kila alichokitaja.

Alipokwisha, aliuliza kwa sauti iliyokatika, "Umeipenda?"

Kidole kimoja kikalegea. Cha pili. Cha tatu. Baridi ikaanza kumtoka kiunoni, na mara ya kwanza kwa siku tano akavuta pumzi mpaka chini kabisa ya kifua. Na hapo, karibu na lile sikio lisilosikia, sauti ikasema kwa upole sana, kama mteja yeyote:

"Imechoka hii. Hakuna mpya?"

"Ipo," alisema Mzee Jaribu. "Nyekundu, imeingia wiki iliyopita, haijapandwa na mtu."

Springi za nyuma zikapanda. Siti ikawa tupu, na njia ikawa njia tu. Alikaa pale akiwa mwepesi kama mtoto, akacheka peke yake, na kicheko kilikuwa bado mdomoni aliposikia, sasa kwa masikio yake mwenyewe, alichokisema.

Hakumbuki alivyoendesha kurudi. Kwenye nafasi ya pikipiki nyekundu palikuwa na sakafu tupu.

"Binti yako kaichukua," meneja alimwambia. "Kapigiwa simu, kuna mama uchungu umemshika. Nimzuie hadi kesho kwa ajili ya kanuni? Mzee, vipi? Kaa chini."

Hakukaa. Alipiga simu mara tisa na haikupokelewa. Akaenda nyumbani, akasimama getini jua likiwa bado juu, na akasimama hapo mpaka vivuli vikarefuka. Mkewe alitoka mara mbili kumwita na mara mbili akarudi ndani.

Binti alikuja jioni, taratibu, akitabasamu. Alizima, akashusha stendi, akaruka chini.

"Baba! Nimewahi! Wa kiume, na mama yake mzima. Nimewahi, baba!" Alimkumbatia, na nguo zake zilinuka sabuni ya zahanati, na chini ya sabuni zilinuka majivu. "Ila mbona nzito hivi nyuma? Na kiuno kinaniuma. Au ndiyo kuzoea?"

Mzee Jaribu alitazama juu ya bega la mwanawe. Springi zilikuwa zimeshuka kabisa. Vikanyagio vya abiria vilikuwa wazi, vyote viwili.

Hofu ilimjaa, na chini ya hofu kulikuwa na uchovu wake wa siku zote, na kwenye uchovu huo ndiko alikopata pa kukanyaga. Alimweka binti yake kando. Akanyoosha kola, akapanga tabasamu, akaisogelea siti tupu.

"Mteja," alisema, "nilikukosesha. Ile ya kwanza nilikupondea, na sikukuambia yote. Imechoka, sikatai. Lakini iliyochoka haikimbii. Hii mpya ina haraka, itakutupa kona ya kwanza, haijui uzito. Ile imebeba watu miaka ishirini na mbili na haijamwacha mtu njiani. Imezoea kubeba. Hutapata tena yenye mgongo kama ule. Jaribu kwanza."

"Baba," binti alinong'ona, "unaongea na nani?"

"Na mteja. Nenda ndani kwa mama yako."

"Baba, hapo hakuna mtu."

"Nenda ndani, mwanangu."

Akaenda, akigeukageuka. Mzee Jaribu aliipa pikipiki mgongo, akapanua mikono kidogo kuacha nafasi kiunoni. "Umekaa vizuri?" aliuliza. "Nishike, usione haya."

Nyuma yake springi zililia, zikapanda, mpya na nyepesi. Mikono ikamzunguka, mizito, baridi, na safari hii vidole vilifungana mbele ya tumbo lake.

Akauliza lile swali la mwisho. Akajibiwa.

Mkewe alimkuta akipanda ngazi za mlangoni ameinama, mkono mmoja ukutani, akipumzika kila ngazi. "Una nini?" alimwuliza. "Mbona unatembea kama umebebeshwa gunia?"

"Nimeuza," alisema Mzee Jaribu, akakaa kwenye ncha ya kiti. "Miezi miwili, mke wangu. Leo nimeuza."