Chumvi ya Byron

Sabato ile Rael alitoka kanisani, akabadilisha nguo, akaenda moja kwa moja kuwalisha samaki wa mwanawe.

Majirani wa Makongeni, pale Homa Bay, walikuwa wakimtania. Ziwa zima liko mlangoni, halafu mama mtu mzima anafuga samaki wa bahari sebuleni, anawachanganyia maji ya mvua na chumvi utadhani anapika. Lakini walimtania kwa upole, maana tanki lile lilikuwa la Byron, mtoto wake wa pekee. Byron alifanya kazi Mombasa kwa wauzaji wa samaki wa mapambo, akarudi na matumbawe yake na ndoto ya kuweka matangi kama hayo mahotelini. Wakati wa mvua za masika, boti lilipinduka akitoka kisiwa cha Takawiri. Wenzake walipatikana. Yeye hakupatikana.

Shemeji yake Rael, Elkana, alitaka wafuate mila. Mtu akipotelea majini, huzikwa tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, mahali pa mwili wake.

"Mimi sitazika tunda," Rael alimjibu. "Nitazika mtoto wangu, na nitamuona uso kwanza."

Tangu hapo aliwashikilia wale samaki. Ndicho kitu pekee cha Byron kilichokuwa bado kinapumua.

Jioni hiyo, watu wakila, upepo wa nyawawa ukapita. Asiyeishi kando ya ziwa hawezi kujua. Nyawawa ni roho za waliokufa vibaya. Hupita na upepo zikilia, na kila nyumba hupiga sufuria na mabati ili zisiingie, mpaka zishuke ziwani. Mtaa mzima ulipiga. Rael hakupiga. Byron alikuwa amemwonya kwamba kelele huwashtua samaki wa matumbawe, wakaruka nje ya tanki na kufa. Basi akakaa kimya, kiganja chake juu ya kioo, akiwatuliza.

Asubuhi, kiti cha pweza, yule mnyama mwekundu wa umbo la nyota, alikuwa amelegea kama kitambaa. Kamba wadogo walikuwa wamelala chali. Rael alichukua kipimo cha chumvi akakitumbukiza. Chumvi ilikuwa imeshuka, ingawa maji hayakuwa yameongezeka hata kidogo.

Akaongeza chumvi polepole, jinsi alivyofundishwa. Kesho yake ilikuwa imeshuka tena. Matumbawe yakapauka. Kangaja, yule samaki wa buluu, akafa, na Rael akamzika nyuma ya jiko, akalia kama amefiwa upya. Alibadilisha maji, akasafisha pampu, akawahamisha waliobaki kwenye beseni. Maji ya beseni nayo yakapoteza chumvi, yakawa kama ya ziwa. Alipopiga deki aliona mchirizi mweupe sakafuni, mkavu, kutoka kwenye beseni hadi mlangoni. Aliuonja. Ulikuwa chumvi, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Alimwita Metrine, jirani yake muuza dagaa wa omena. Metrine aliutazama ule mchirizi, asiukanyage.

"Mama Byron, ile siku nyawawa ilipita, ulipiga sufuria?"

"Sikupiga. Samaki wangeshtuka."

Metrine akasema kwa sauti ya chini, "Basi kuna mtu uliachia njia. Ikirudi, piga. Wacha samaki washtuke. Hao wawili wamebaki, unataka kuzika hao pia?"

Walikuwa wamebaki wawili tu, wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Byron alikuwa amewalea tangu wakiwa wadogo kama punje ya mchele. Rael aliwarudisha kwenye tanki, akawapa chumvi ya mwisho iliyokuwa kwenye ndoo.

Upepo ukarudi jioni moja akichambua mboga. Sufuria zikaanza kulia huko mbali, nyumba kwa nyumba, zikimjia. Rael alishika sufuria na mwiko.

Pampu ikazima.

Maji ya tanki yakatulia. Hayakuwa na hata kiputo. Samaki wale wawili walijibana pembeni, karibu na kioo, karibu naye. Upande wa pili maji yaliyumba. Kitu kilikuwa kinateka maji, taratibu, kama mtu anayechota kwa viganja.

"Mama." Sauti ilikuwa ndogo. Ilitoka majini. "Bado kidogo."

Aliijua. Mama gani asingeijua? Alitaka kuangusha sufuria. Alitaka kusema, chukua, baba, chukua yote. Lakini samaki mmoja alianza kulala ubavu, na Rael akaona tena kifo kikiingia katika nyumba yake.

Akapiga. Alipiga akilia, macho ameyafumba, mpaka mwiko ukavunjika.

Alipofumbua macho, pampu ilikuwa inanguruma. Samaki wote wawili walikuwa hai. Kipimo kilionyesha chumvi ya kutosha, na haikushuka tena.

Siku iliyofuata Elkana alipigiwa simu. Wavuvi walikuwa wamemkuta mtu ufukweni, upande wa Takawiri. Walimtambua Byron kwa shati. Rael alipofika, walikuwa wamemfunika kwa turubai, nao wamesimama mbali.

"Amekaa majini miezi yote hii," Elkana alinong'ona, akikunja turubai kutoka miguuni hadi kidevuni, "na angalia."

Miguu ilikuwa mizima. Mikono ilikuwa mizima, kovu la utotoni likiwa pale pale kwenye kiwiko. Ungedhani amelala jana. Ngozi yote ilikuwa imetandwa na unga mweupe, na Rael alipomgusa na kupeleka kidole mdomoni, ilikuwa chumvi, katika ziwa lisilo na chumvi. Unga ule ulipanda kifuani, ukafika shingoni, ukaishia chini ya kidevu.

Rael akashika ncha ya turubai. Elkana akamshika mkono.

"Shemeji, usifunue hapo juu. Hapo samaki wamekula."