Kaka Yangu Aliyefufuliwa Kwenye Gemu la Mieleka

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mvua ya masika ikipiga bati, nilipomwona kaka yangu akitembea tena... Kaka yangu ambaye tulikuwa tumeshamzika!

Wasomaji wenzangu, nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu hapa Tukuyu. Mimi ni mtu wa aibu sana. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, jibu linaishia kooni. Nikitumwa dukani nasubiri wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Nimezoea kuyaandika mambo yangu nikayasoma mwenyewe, ila hili nimeona niwaandikie ninyi, maana limenikaba.

Kaka yangu aliitwa Ambakisye. Nyumbani tulimwita Amba. Alikuwa anaendesha bodaboda kati ya Tukuyu na Kiwira, na siku moja ukungu ulipokuwa mzito aliligonga lori lililosimama pembeni ya barabara. Hakufa palepale. Alilazwa, na mimi nilikaa kando ya kitanda nikiangalia kifua chake kikipanda na kushuka... kikipanda na kushuka... mpaka kikaacha. Tangu siku hiyo kila mtu akilala karibu yangu lazima nimwangalie kifua.

Amba alikuwa na ugonjwa mmoja tu: gemu la mieleka. Lile linalotoka jipya kila mwaka. Gwakisa, mtoto wa baba mkubwa, ana banda la gemu karibu na soko, na toleo jipya likifika Amba alikuwa wa kwanza kulijaribu. Mimi nilikaa nyuma yake kwenye benchi, kimya, nikisikiliza anavyolisifia na kulisema.

"Tuse, cheki nywele!" alikuwa akiniambia. Jina langu ni Tusekile. "Mwaka jana zilikuwa zinapenya kwenye mabega kama mzimu. Sasa zinaloa jasho kabisa!"

Halafu haipiti nusu saa anaanza kulalamika. Watangazaji wanarudia maneno yale yale ya miaka yote. Refa ananasa kwenye kamba anashindwa kuhesabu. Na kubwa kuliko yote, mwanamieleka uliyemtengeneza mwenyewe, ukamlea mwaka mzima, hahamii kwenye toleo jipya. Unaanza upya. Hilo lilimuuma sana. "Hawa watu," alisema, "kila mwaka wanatengeneza nywele, watu wetu wanatuulia!"

Basi, baada ya msiba toleo la mwaka huu likaja. Gwakisa akaniita. Akaniambia mwaka huu unaweza kuchukua picha ya mtu, ukaiweka kwenye uso wa mwanamieleka, akawa yeye mwenyewe. "Mdogo wangu, tumtengeneze Amba," akasema. "Iwe kumbukumbu."

Ningekataaje? Picha alikuwa nayo tayari, ile tuliyoichapisha kwenye fulana za msiba, Amba anatabasamu. Vingine vyote alitaka kwangu. Kovu la kwenye nyusi liko upande gani? Anatembeaje? Anatupaje mabega akiingia sehemu yenye watu? Mimi nisiyeongea, siku hiyo niliongea! Nilisimama katikati ya banda nikamwonyesha kaka yangu anavyotembea, na Gwakisa akabonyeza, akarekebisha, akabonyeza...

Ndipo Jumamosi ile akatokea. Taa zikazimwa kwenye ukumbi wa ndani ya gemu, muziki ukapigwa, watu wakasimama, na Amba akatoka kwenye pazia! Mabega yake! Kovu lake! Nililia mpaka nikajifunika na kitenge.

Lakini siyo kutembea kulikoniua. Mwaka huu wanamieleka wamewekewa pumzi. Ukiweka chini padi, kile kidude cha kuchezea, usipobonyeza kitu, mtu anasimama tu ulingoni na kifua chake kinapanda na kushuka. Gwakisa alitoka nje kupokea simu, nikabaki naye peke yangu. Amba alisimama pale. Anapumua.

Jamani... mngekuwa ninyi mngerudi nyumbani?

Likizo yote nilikuwa pale. Namwambia Mama naenda kujisomea kwa rafiki, kumbe naenda kuangalia pumzi. Sikucheza hata mara moja. Nilikaa tu.

Taratibu nikaanza kuona kitu kingine. Uso haubadiliki. Akipigwa kiti cha mgongo, anatabasamu. Akikabwa shingo, anatabasamu. Wanamieleka wa kwenye gemu lenyewe wanakunja sura, wanavimba, wanatoka damu, mwaka huu wamewatengeneza vizuri mpaka unaogopa. Ila mtu uliyemwekea picha anabaki na ile ile ya kwenye fulana. Na macho yake hayakutazami. Yanatazama pembeni kidogo, kama kuna mtu amesimama nyuma ya sikio lako.

Nilianza kugeuka kuangalia nyuma. Mpaka leo nageuka.

Baya zaidi likafuata. Jumapili moja tumetoka kanisani nikapita bandani. Nje kulikuwa na vijana wamejaa hadi kwenye mfereji. Mlangoni Gwakisa ameandika kwa chaki, herufi kubwa: PIGANA NA MAREHEMU. UKIMSHINDA UNACHEZA TENA BURE.

Nilisoma mara mbili. Ndani walikuwa wanapiga kelele.

"Oya, mzike tena huyo!"

"Marehemu hafi bwana, atakufaje mara ya pili?"

"Mkanyage kichwa! Mkanyage!"

Na kaka yangu chini, amelala chali, anakanyagwa kichwa, anatabasamu...

Nilitaka kupiga kelele. Wasomaji wenzangu, nilifungua mdomo kabisa! Hakikutoka kitu. Gwakisa aliniona, akanikonyeza kama mtu aliyefanya jambo zuri. Nikageuka, nikaondoka zangu.

Gwakisa alikuwa amempa Amba nguvu zote, mashine ndiyo ikimchezesha, kwa hiyo hakuna aliyemshinda. Vijana wanakuja, wanapigwa, wanarudi kujaribu. Sifa zikaenea. Zikatoka sokoni, zikapanda magari, zikafika mashamba ya chai anakochuma Mama. Ila njiani zilibadilika. Hazikufika kama habari za gemu. Zilifika kwamba marehemu Ambakisye anaonekana mjini. Kwamba yuko kwenye chumba chenye giza, hasemi, hachoki, anapiga watu, na ndugu zake wanaingiza hela kupitia kwake.

Mnajua kwetu mtu wa namna hiyo anaitwaje. Msukule! Walisema ajali ilikuwa kiini macho, tulizika mgomba, kijana tumemficha atufanyie kazi.

Mama hakuambiwa kitu. Aliona tu wenzake wanahama mstari wake. Akianza kuchuma huku, wao wanahamia kule. Wakati wa kupima majani, foleni inaachana mbele yake. Kanisani, mama mmoja wa kwaya yake alibeba mtoto aliyekuwa amekaa karibu na Mama, akampeleka benchi lingine. Mama yangu aliyefiwa! Aliyekuwa bado amefunga kitambaa cha msiba!

Akarudi siku moja jioni, hajavua hata buti, akakaa kwenye kigoda jikoni. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Akaniuliza kwa upole, kama anaulizia chumvi.

"Tuse, wanasema mwanangu anafanya kazi. Anafanya kazi wapi?"

Niliweka kisu chini.

Nilimweleza yote. Banda, picha, nilivyoonyesha anavyotembea, maandishi ya chaki. Mama hajawahi kushika gemu, hajui hata linawashwaje. Nilimweleza kwamba siyo yeye, ni picha inayotembea, ni mashine. Nilitegemea angelia au angenipiga. Nilitamani anipige.

Akasukuma kuni motoni. Kisha akauliza, "Amevaa nini?"

Nikasema, "Kaptula, Mama."

"Juu?"

"Juu hana kitu. Ndivyo wanavyovaa wanamieleka."

Mama akashika kichwa. "Ee Kyala wangu," akasema, akimwita Mungu kwa Kinyakyusa. "Na baridi hii..."

Akainama, akaanza kuvua buti. Na mimi usiku huo nikajaribu kumkumbuka Amba, Amba wangu, anavyocheka, anavyokasirika akikosa chai, na sikuweza! Nikifumba macho anakuja yule wa bandani, uso mmoja tu, macho pembeni. Lile gemu lilikuwa limemla kaka yangu yule mwingine.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa ninyi wa umri wangu, nisikieni. Ukifiwa, utatamani chochote kinachofanana na mtu wako. Utaambiwa ni kumbukumbu. Kataa! Mtu wako usimkabidhi kwa watu wa kuchezea, hata kama ni ndugu, hata kama anakuita mdogo wangu. Mashine itamrudisha mabega, itamrudisha pumzi, haiwezi kumrudisha yeye. Na ninyi wenye aibu kama mimi, ambao neno likifika kooni mnalimeza... semeni siku ileile ya kwanza! Mimi nilinyamaza mlangoni Jumapili moja, na aliyelipia kunyamaza kwangu ni mama yangu.

Asubuhi iliyofuata nilifika sokoni Gwakisa akiwa ndiyo kwanza anafungua makufuli. Vijana watatu walikuwa wanasubiri. Nikasema, "Kaka Gwakisa, mtoe Amba humo."

"Heee! Tuse leo ana mdomo?" akacheka. "Subiri kwanza, hawa wamekuja kwa ajili yake."

Nikasema tena. Safari hii ilitoka kwa nguvu mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. Nilimwambia wanamkimbia Mama. Nilimwambia wanavyomwita Amba. Vijana wakaangalia chini. Gwakisa aliacha kucheka, akasimama na makufuli mkononi.

"Msukule?" akanong'ona. "Mimi... Tuse, mimi nilikuwa namkumbuka tu. Mwanzoni nilikuwa namkumbuka."

Akawasha mashine, akanipa padi. Sikuwa nimewahi kuishika. Alinielekeza vya kubonyeza, akatoka nje, akaanza kufuta chaki kwa mkono.

Amba alikuwa amesimama, anapumua. Nikatafuta sehemu ya mavazi. Mwaka huu wameongeza nguo nyingi, hilo nalisema kwa haki. Nikapata suruali ndefu, na koti zito la kijivu lenye kola. Nikamvika. Nikamfunga mpaka shingoni. Nikamwangalia kifua, safari hii kikipanda na kushuka ndani ya koti.

Halafu nikabonyeza kufuta. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo kwa sauti, ingawa haisikii.

Kutoka pale nilipanda moja kwa moja hadi mashambani. Ukungu ulikuwa haujaondoka, akina mama wameinama kwenye chai, Mama peke yake upande wake. Sikumfuata karibu. Nilisimama juu kabisa ya mstari, ili wote wanisikie, nikapaza sauti ambayo sijawahi kuitoa maishani mwangu.

"Mama! Amba hafanyi kazi tena! Nimemwondoa!"

Mikono yote ikasimama juu ya majani. Mama ndiye wa mwisho kuinua kichwa.

"Ulimvika?" akauliza.

"Nilimvika, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchuma. Nikashuka, nikashika mstari wa pembeni yake, nikaanza kuchuma naye.