Nyumba ya Mwisho Kwenye Ramani

Rafiki yangu Yaqeen, mwalimu wa jiografia mjini Ibra, Oman, alikwenda mchana kuchora ramani ya kijiji cha mababu zake, nyumba za udongo zilizobanwa baina ya jabali na wadi, bonde la mto mkavu. Mfereji wa maji wa kijiji ulipokauka watu walihamia Unguja, na hakurudi mtu kukaa humo.

Kwenye nyumba ya mwisho, giza la ndani lilikuwa zito. Yaqeen akasimama mlangoni, akampigia simu bibi yake, aliyezijua habari za kijiji.

"Shikamoo, Bibi. Chumba cha ndani kilikuwa cha nani?"

Kabla hajajibiwa, humo ndani mchi ukaanza kutwanga kahawa, taratibu.

"Hodi!" akaita.

Mchi ukanyamaza. Yaqeen hakusikia tena kitu ila pumzi zake mwenyewe.

"Mbona huingii, mjukuu wangu?" Bibi akauliza kwenye simu. "Nasikia ushakaribishwa mara tatu."