Mwalimu Niliyemwita Baba

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa upande wa Nyansiongo. Siku hizi naishi Nyakoe, napika chapati katika hoteli ya Bi Zaituni. Ni mtu wa kucheka sana, hata wateja husema chapati zangu zimepikwa na kicheko. Lakini leo sicheki, wasomaji wenzangu... Leo nataka mjue nilichotendewa na mtu niliyempenda kuliko wote chini ya jua.

Kuandika kunanishinda. Haya nimeyasema kwa simu, ikayaandika yenyewe, kisha binti ya Bi Zaituni akanyoosha palipopinda. Mkiona kosa, ni la simu!

Tangu darasa la kwanza herufi zilinichezea. Nikizitazama, zinageuka. Mbaya kabisa zilikuwa b na d. Mwalimu akiandika "baba" ubaoni, mimi nasoma "dada". Nikichapwa, ndiyo kwanza zinacheza zaidi! Watoto wakanipa jina la Dada Baba, na wakati wa mapumziko walikuwa wananizunguka wakiimba jina hilo mpaka kengele ilie.

Na kwa msio Wakisii, kuna jambo niwaambie. Kwetu nyumbani mama mzazi ndiye huitwa "baba", na baba huitwa "tata". Msicheke! Kuna siku niliambiwa nisimulie hadithi kwa Kiswahili, nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Baba yangu alininyonyesha mpaka nikatembea." Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa huku, alicheka mpaka akatafuta kiti.

Huyo baba yangu, yaani mama, alifariki nikiwa darasa la nne. Nikabaki na mzee wangu, mchuma chai asiyekuwa na maneno mengi.

Nilifika kidato cha pili nikiwa sijui kusoma hata mstari mmoja bila kujikwaa. Hapo ndipo Mwalimu Kemunto alipoletwa shuleni kwetu.

Jamani, huyo mwanamke! Alikuwa anafundisha Bayolojia. Nyuma ya shule kulikuwa na ghala kuukuu la maziwa, la tangu enzi za walowezi. Alilifagia kwa mikono yake, akatukusanya humo sisi tulioitwa wajinga. Akasema, "Nyinyi si wajinga. Mlango wenu uko upande mwingine tu."

Tulijifunza kwa kila kitu tulichopewa na Mungu. Ramani ya Kenya tuliichora sakafuni, tukamwaga majani ya chai huku kwetu, chumvi kule Pwani, tukatembea juu yake peku tumefumba macho. Hesabu za pembetatu tulizipima kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Tulilamba ndimu, tukanusa majivu, tukajua asidi ni nini. Mimi, Nyaboke, niliyekuwa nalala darasani, nikawa wa kwanza kufika mlangoni asubuhi!

Siku moja alikuja na moyo wa ng'ombe kutoka buchari, bado una uvuguvugu. Akaupasua, akaniambia, "Tia kidole hapa. Damu inaingilia wapi?" Nikakitia. Kile kilango cha ndani kikakibana kidole changu polepole, kama ndama anayenyonya. Nikakipitisha chumba hadi chumba, nikatokea upande wa pili. Nikapiga kelele kwa furaha, "Baba, nimeelewa!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilikuwa nimemwita mama... Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini yeye hakucheka. Alichukua leso yake, akanifuta damu vidoleni, kimoja kimoja. "Niite hivyo hivyo," akasema. "Si neno la kuchekwa."

Tangu siku hiyo nilikuwa wake. Ningepita kwenye moto akisema nipite.

Ni yeye aliyenipa mawe. Alileta vipande vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka, yale laini ya kuchongea vinyago, tukachonga herufi zetu wenyewe. Nilichonga b na d, zikaenea kiganjani. "B anatangulia na mgongo, tumbo linafuata," alinifundisha, "d anatangulia na tumbo." Nilizibeba kwenye mfuko wa sketi. Nikikwama katika kuandika, natia mkono, napapasa, najua. B yangu ilikuwa imemeguka kidogo tumboni, kwa hiyo ningeijua hata gizani.

Nikaanza kuota. Nitakuwa muuguzi! Nitashika mioyo ya watu! Hata mzee wangu akaanza kunisifu kwa wachuma chai wenzake, yeye ambaye kusema tu kulikuwa kazi.

Ukaja mtihani wa kidato cha nne. Sheria inaruhusu mtu kama mimi asomewe maswali na kuongezewa muda, lakini lazima shule iombe mapema. Mwalimu Kemunto alituambia, "Hilo niachieni. Nimeshaongea nao." Tukalala usingizi wetu.

Asubuhi ya mtihani hapakuwa na msomaji yeyote. Nilimkimbilia. Hakunitazama usoni. Alisema ombi lilichelewa kidogo kufika ofisini, kwamba akianza kuuliza sasa mwalimu mkuu atajua... kisha akanishika bega.

"Ingia na mawe yako tu. Hakuna atakayeuliza. Unaniamini?"

"Nakuamini, Baba."

Loo! Kama ningalijua!

Nilipambana na karatasi za kwanza. Kisha ikafika Bayolojia. Nilisoma swali moja taratibu, nikipapasa mfukoni, na nilipolielewa nusura niruke. Lilikuwa swali la moyo! Moyo wangu! Nikafumba macho, nikainua kidole, nikaupitia ule moyo hewani, chumba hadi chumba. Nilikuwa natabasamu, wasomaji wenzangu. Nilikuwa nausikia ule uvuguvugu.

"Wewe! Unacheka na nani?"

Msimamizi alikuwa amesimama juu yangu. Alikuwa mgeni, ametoka kaunti nyingine. Aliniamuru nisimame, nitoe kila kitu mfukoni. Nikatoa mawe yangu mawili, nikayaweka mezani.

"Hii ni nini? Mwakenya ya mawe?"

Mwakenya ndiyo vile vikaratasi vya kuibia mtihani. Watu wakacheka, chinichini kwanza, halafu wazi. Askari aliyelinda mlango naye akaja kutazama. Akayageuza mawe, akasema, "Ama ni dawa ya mganga?" Kicheko kikazidi! Nilijaribu kueleza, lakini mimi nikiogopa hata maneno ya mdomo hunigeuka. Nikasema tu, "Ni ya Mwalimu Kemunto. Mwiteni."

Wakamwita.

Alikuja na gauni lake la bluu. Nilipomwona nilitulia kabisa. Sasa yamekwisha, nikajiambia.

"Mwalimu, unayajua mawe haya?" msimamizi akauliza.

Alitazama meza. Alitazama mlango, ambako mwalimu mkuu alikuwa amesimama amefunga mikono.

"Hapana," akasema. "Siyajui."

"Na huyu msichana anasema ni wewe uliyempa."

"Huyu ni mwanafunzi wa kawaida tu. Sijui ameyatoa wapi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kwa kweli nilidhani ana mpango! Kwamba anawazuga, kisha atanikonyeza... Mimi na ndoto zangu! Nikangoja. Hakunikonyeza. Ndipo likanitoka, si kwa kupenda:

"Baba..."

Msimamizi akatikisa kichwa. "Babako hayupo hapa, msichana. Ungemfikiria kabla ya kuiba."

Chumba chote kilipasuka kwa kicheko. Wote pale walijua nimemwita nani, isipokuwa msimamizi na askari. Naye alijua kuliko wote. Alirekebisha mkoba begani, akatoka. Visigino vyake nilivisikia mpaka mwisho wa veranda.

Ningeweza kupiga kelele. Kulikuwa na ghala zima la maziwa lililojaa mawe kama yale, ningewaambia twendeni mkaone! Lakini nilinyamaza. Unajua kwa nini? Niliogopa atafukuzwa kazi. Mimi nilikuwa namhurumia yeye!

Matokeo yangu yakafutwa, na mawe yangu yakabaki shuleni. Kijijini ile kauli ya askari ndiyo iliyoenea, kwamba binti wa fulani aliingia mtihani na mawe ya mganga. Kanisani nikikaa kwenye benchi, benchi linabaki langu peke yangu. Wachuma chai wakawa wanamuuliza mzee wangu kama kuna jiwe la kumfanya mtu achume haraka.

Mzee hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alichukua sketi yangu ya shule, akaipasua kwa panga, na tangu hapo akawa anafutia nayo kiwele cha ng'ombe kila asubuhi kabla ya kukama. Na mimi ndiye niliyeamriwa kumfulia kitambaa hicho. Siku moja vidole vyangu viligusa ule mfuko, bado umeshonwa pale pale, mtupu...

Nikaondoka. Nikafika Nyakoe, Bi Zaituni akanipokea bila kuniuliza cheti. "Mwanangu, hapa tunauliza mikono tu," alisema.

Mambo yangeishia hapo. Lakini asubuhi moja nakanda unga, redio imefunguliwa kwenye kituo cha lugha yetu, nikaisikia sauti yake! Mwalimu Kemunto sasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja karibu na Kebirigo, anasifiwa kwa darasa lake la mikono. Mtangazaji akamwomba mfano. Akasimulia habari za msichana mmoja yatima wa mama, herufi zilikuwa zinamgeukia, akafundishwa moyo kwa kutia kidole katika moyo wa ng'ombe.

"Yuko wapi sasa huyo binti?"

"Alipita vizuri sana," akajibu. "Sasa ni muuguzi."

Mteja mmoja akanigeukia, "Unasikia, mrembo? Wenzako wanafika, wewe unasukuma chapati!"

Mtaniita mpumbavu, najua. Nilifurahi! Nikasema moyoni, kumbe ananikumbuka. Anaona haya tu, hajui pa kunipata. Redio ilikuwa imetangaza siku ya wageni hapo shuleni, kila mtu anakaribishwa. Nikapika chapati laini kuliko zote nilizowahi kupika, nikazifunga vizuri, nikaenda Kebirigo.

Darasa lilikuwa zuri! Meza mpya, ramani ya kugusa ukutani, wageni wenye suti wamesimama. Na kwenye kabati la kioo, herufi za mawe ya sabuni. Nikasogea. Katikati yao kulikuwa na b iliyomeguka tumboni.

Jiwe langu! Lile lile asilolijua!

Aligeuka, akaniona. Alinitambua, wasomaji wenzangu, nawaapia. Uso wake uliganda. Mgeni mmoja akauliza, "Na huyu ni nani?"

Akayaona mafurushi mkononi mwangu, akatabasamu.

"Ni wa jikoni. Peleka kule nyuma, dada."

Dada! Mimi nilimwita baba, yeye akaniita dada. Herufi zile zile zilizonitesa utoto wangu wote.

Hapo hapo msichana mdogo wa kidato cha kwanza, mikono imejaa udongo wa mfinyanzi, akapaza sauti, "Baba, nimeelewa!" Wenzake wakacheka. Na Mwalimu Kemunto akamwinamia, akatoa leso, akaanza kumfuta vidole, huku wageni wakipiga picha.

"Niite hivyo hivyo," akasema. "Si neno la kuchekwa."

Nikazipeleka chapati jikoni. Ndiyo, nilizipeleka. Miguu ilienda yenyewe.

Nilipokuwa natoka, nilimkuta yule mtoto akinawa bombani. Nikachutama karibu naye. Nikamwambia, "Mwambie mzazi wako aje mwenyewe kuuliza kama shule imekuombea msomaji. Asikubali kuambiwa tu. Na siku ya mtihani usiingie na jiwe mfukoni, hata kama anayekuambia ni mwalimu wako."

Alinitazama kwa yale macho niliyokuwa nayo mimi. Akacheka. "Baba hawezi kunidanganya," akasema. "Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni wa jikoni," nikasema.

Wazazi, nawasihi. Mkipata mwalimu anayemfundisha mtoto wenu kwa mikono, mshukuruni Mungu, kwa sababu njia ile ni ya kweli. Mimi ni shahidi! Lakini msimwachie mtu mmoja mtoto mzima. Fikeni ofisini mapema, simameni, ulizeni mbele za watu. Na wewe unayejifunza kama mimi, mpende mwalimu wako, ila siku ukionewa usinyamaze kwa kumhurumia. Piga kelele! Waonyeshe ghala!

Kuna mtoto Kebirigo ambaye hajafika kidato cha nne bado. Kama wewe ni mzazi wake na unasoma haya, ni yule mwenye kicheko kama changu.