Udongo wa Njia ya Mkula

Kigae cha pili kilikauka kabla Serafina hajakiweka juani.

Alikuwa amepaka udongo kwenye vigae viwili ili achague. Ule uliotoka Mofu ulikuwa mweupe wa kijivu kidogo, kama wali uliopoa. Wa njia ya Mkula ulikuwa mweupe wa njano kwa mbali, kama jino. Kesho mwanawe mchanga, Balbina, angetolewa nje kwa mara ya kwanza, na nyumba ilitakiwa ing'ae ndani.

Akavilamba vyote, kama wanawake wa bondeni wanavyopima udongo. Wa Mkula ulikuwa na chumvi tamu. Akamega kipande cha udongo huo, akatafuna, akamega kingine.

"Mimi naona ni mmoja tu," mama mkwe wake, Apolonia, akacheka. "Macho ya mzazi hayo!"

"Huu una joto, Mama."

Akaupaka wa Mkula kwenye kuta zote. Kufika adhuhuri mtungi wa maji ulikuwa mtupu, na hakuna aliyekunywa. Wakaujaza, ukakauka tena. Kisha ikaja harufu ya mbarika na mtama, harufu ya dawa ile ya maji waliyokunywa wanaume kabla ya kwenda kupigana na Wajerumani, na nyuma ya harufu ikaja sauti, gudu, gudu, kama makoo mengi yanayomeza kwa pamoja ndani ya ukuta, na Balbina akalia midomo ikipasuka, akalia bila hata tone la chozi.

"Umechimba wapi?" Apolonia akanong'ona.

"Kwenye shimo, Mama, kando ya njia."

"Ole wangu! Wewe mtu wa Idete ungejuaje? Pale walifukiwa wanaume waliopigwa risasi vitani mwaka juzi. Walikufa wanaomba maji."

Akaitwa mganga, Mzee Teofili. Akagusa ukuta, akarudisha mkono haraka.

"Kwangueni wote, muurudishe shimoni, mmwage humo mitungi saba ya maji. Isibaki hata chembe ndani ya nyumba hii."

Wakakwangua mpaka kucha zikatoka damu. Shimo likanywa mitungi saba, likanyamaza. Waliporudi, mtungi wa nyumbani waliouacha umejaa ulikuwa bado umejaa vilevile, na Balbina alilia kwa machozi. Apolonia akapiga vigelegele.

Serafina akaketi, akampa mtoto ziwa. Balbina akanyonya mara moja, akageuza uso. Tone la maziwa likabaki mdomoni, likakauka kabla ya kudondoka, jeupe, la njano kwa mbali.

Ndipo Serafina alipokumbuka vile vipande alivyomega. Akashika tumbo. Ndani, taratibu, kitu kikameza: gudu, gudu.