Abiria wa Barabara ya Omeo

Kengele ya mkanda wa usalama garini ililia mara tu walipoanza kupanda milima ya Omeo, na taa nyekundu ikawaka kuonyesha kwamba aliyeketi nyuma hajajifunga. Nyuma hapakuwa na mtu.

"Mkweche wako umeanza kuota," Merrin alimtania mumewe.

Fergus, aliyekuwa kwenye usukani, alicheka. "Uzee huo, bibie. Hata wewe utafika."

Ilikuwa alasiri. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni na mikalitusi ilidondosha maji juu ya lami. Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Merrin alishusha kioo, harufu ikazidi. Springi za kiti cha nyuma zikalia taratibu, kama mtu mzito anajiweka sawa.

"Fergus," alinong'ona, "umesikia?"

"Usigeuke."

"Kuna nini?"

"Anaongea na mimi."

Merrin hakusikia sauti yoyote, ila alimwona mumewe akiitikia kwa kichwa, akisema, "Ndiyo, hapo mbele panatosha," huku mguu wake ukizidi kukandamiza mafuta na kona isiyo na ukingo ikiwajia mbio, chini yake mto na mawe matupu, naye akaudaka usukani kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote, kona hadi kona, akimpigia mumewe kelele aamke, huku pumzi ya baridi ikimpuliza kisogoni, mpaka gari likaserereka kwenye changarawe na kusimama mbele ya kituo cha mafuta cha bibi Dulcie.

Dulcie alitoka na aproni yake, akanusa, uso ukambadilika.

"Mmempakia yule," alisema kwa sauti ya chini. "Shukeni. Polepole."

Akafungua mlango wa nyuma, akakemea kama anayefukuza mbwa jikoni: "Toka! Hawa wana kwao. Shuka, nimesema!"

Kiti kilichobonyea kikainuka. Nyayo zikasikika kwenye changarawe, zikapita katikati yao. Fergus akaanza kulia kama mtoto.

"Amekwenda wapi?" Merrin aliuliza.

Dulcie alikuwa akitazama pampu, ambako familia moja inayovuta karavani, nyumba ya magurudumu, ilikuwa imemaliza kujaza mafuta. Mlango wa nyuma wa gari lao ulikuwa wazi. Watoto wawili waliokuwa ndani wakasogea upande mmoja, kwa adabu, kama wanaompisha mgeni. Mlango ukajifunga.

Merrin alikimbia akipunga mikono na kupiga kelele. Baba wa watoto wale akampungia naye, akitabasamu, akashika njia ya milimani.

Merrin akarudi, akaingia upande wa dereva.

"Mama wee, tumeponea chupuchupu!" Fergus alilia. "Unamfuata tena?"

"Mle kuna watoto," Merrin alisema. "Panda, au baki na Dulcie."

Akatia gia. Fergus akapanda.